Nyumba za Samaki Chini ya Maji

Nchi ya Abagusii haina ziwa. Ina vilima, migomba, mashamba ya chai na mvua nyingi, lakini maji ya mvua hiyo hayakai huko. Mto Gucha huyapokea kutoka vilima vya Kiabonyoru katika Nyamira, ukayapitisha Kisii, ukakutana na Mto Migori, kisha ukayamwaga katika Ziwa Viktoria. Wajaluo walioko chini huuita mto huo huo Kuja. Msomaji aweza kuuliza, je, watu wa vilimani wana haja gani na habari za kuzamisha matawi ziwani ili kuvuta samaki? Wana haja kubwa. Tangu zamani Abagusii walishuka na wimbi na vyombo vya chuma, wakarudi na mifugo, vyungu na samaki. Tena samaki wengine, kama ningu, walikuwa wakiliacha ziwa wakati wa mvua na kupanda mitoni kuzaa.

Kwanza tufahamu kwa nini samaki hulipenda tawi lililozama. Samaki mdogo katika maji matupu ni kama kifaranga uwanjani, na mwewe yu juu. Hana pa kukimbilia. Ukitumbukiza rundo la matawi, amepata boma. Zaidi ya hayo, baada ya siku chache kuni zile huvaa utelezi wa kijani, nao ni bustani ya mimea midogo sana pamoja na wadudu waishio ndani yake. Basi rundo moja huwa nyumba na ghala pamoja. Lakini mvuvi naye hujua samaki walipo, na hapo ndipo shida yote inapoanzia.

Wazee wa kandokando ya ziwa hawakuwa wajinga wa mambo haya. Walisuka migono ya vijiti, wakajenga nyua za matete katika mito, wakawangoja samaki wapitao. Mitego hiyo ilikuwa na mahali pake na majira yake. Mwaka 1901 reli ilifika Kisumu, na samaki wakapata soko la mbali. Mwaka 1905 Mnorwe mmoja, Aarup, alileta katika ghuba ile nyavu za uzi wa kitani, ambazo samaki hukwama ndani yake kwa matamvua. Nyavu hizo ziliweza kutegwa popote samaki walipo. Michael Graham alipochunguza ziwa zima katika miaka ya 1927 na 1928, alikuta ngege wamepungua, akashauri tundu la wavu lisipungue inchi 5. Sheria ikatungwa, ikavunjwa mara nyingi, na hatimaye ikaondolewa. Kisha zikaja nyavu za nailoni, nyepesi na zisizooza. Mwaka 1965 mtaalamu Cadwalladr aliandika juu ya Mto Nzoia, ulio kaskazini ya Gucha na unaoingia katika ziwa lilo hilo. Alionyesha kwamba ningu walikuwa wamepungua, na njia za kienyeji za kuvua zilikuwa zikififia pamoja nao. Huyo ningu, kwa maoni yangu, astahili kutajwa katika historia yetu kama tunavyowataja machifu.

Baadaye msiba mwingine ukaingia. Sangara walitiwa ziwani katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 walikuwa wametawala. Jamii nyingi za furu zilitoweka. Waliosalia wapi? Wengine walisalia katika nyufa za miamba na ndani ya mafunjo, mahali ambapo sangara hapendi kuingia kwa kuwa hewa ndani ya maji ni haba. Hali kadhalika, katika miaka ya 1990 gugumaji lilifunika sehemu kubwa ya Ghuba ya Winam. Mitumbwi ilizuiliwa, wavuvi wakalia njaa. Walakini kambare na kamongo wakaanza kuonekana tena kwa wingi. Gugu lile baya lilikuwa limewapa pa kujificha pasipo mtu kukusudia.

Waliofanya kwa kusudi ni watu wa Benin, Afrika Magharibi. Katika Ziwa Nokoué na wangwa za karibu walikuwa wakikita maelfu ya matawi katika tope la maji mafupi. Shamba kama hilo huitwa akaja. Huachwa kwa miezi, samaki wakala, wakakua, hata wakazaa humo. Kisha huzungushiwa wavu, matawi yakang'olewa, samaki wakatekwa. R. L. Welcomme, aliyepata kuwachunguza ngege na ndugu zao wa Ziwa Viktoria akiwa Jinja, aliziandikia habari akaja mwaka 1972. Mavuno yake ni makubwa kuliko ya maji matupu. Lakini matawi huoza na lazima yaongezwe, misitu ikakatwa, na wavuvi wasio na akaja wakateta na wenye nazo: samaki aliyeingia katika matawi yangu ni wa nani? Naye mwenye kulizingira rundo kila wiki hafugi. Akusanya tu samaki ambao wangevuliwa na mwenzake.

Kwetu vilimani swali hilo limepata sura nyingine. Mwaka 2009 serikali ilianza mpango wa kuchimba vidimbwi vya samaki, 200 kwa kila jimbo la uchaguzi kati ya majimbo 140, kila kimoja mita za mraba 300, na Kisii na Nyamira zilipata vyao. Katika kidimbwi samaki ana mwenyewe. Matawi machache yaliyozamishwa humo huwapa perege utelezi wa kula, huwaficha wasionwe na ndege, na huuchana wavu wa mwizi wa usiku. Siku ya mavuno mwenye kidimbwi huyatoa kwanza, moja moja, akayaweka ukingoni, ndipo huvuta wavu wake.