Besi

"Mlango wako unameza besi," fundi wa redio za magari aliniambia juzi, nilipokwenda kuulizia bei ya amplifaya. Kitenzi hicho kilinipendeza kuliko bei.

Besi (wapo waandikao bezi, mimi nashika s) tumeipokea kwa Waingereza, na tahajia ya Waingereza yenyewe inafuata basso ya Kitaliano, yaani chini. Kwenye kwaya ndiyo sauti ya wanaume iliyo chini kabisa. Lakini msikilize Mswahili akiisifu: atasema ni nene, au nzito. Mtaliano anapima kimo, sisi tunapima unene na uzito.

Na kumeza? Fundi hakukosea. Spika inaposukuma hewa mbele, nyuma yake inaivuta. Mlango wenye matundu huacha mawimbi hayo mawili yakutane na kuuana, na besi ndiyo hufa kwanza. Dawa ni kufungua kava la mlango na kuziba matundu makubwa kwa utepe mzito unaonata. Yale madogo ya chini kabisa, ya kutolea maji ya mvua, usiyaguse, mlango utaoza.

Kabla ya hayo yote, tazama nyaya. Spika moja ikigeuziwa chanya na hasi, itavuta wakati mwenzake anasukuma, na ukae katikati ushangae besi imekwenda wapi. Yangu ya kushoto ndivyo ilivyokuwa. Fundi aligeuza nyaya mbili, na amplifaya sikununua.