Ujiji katika Historia ya Kanisa: Soko, Utumwa na Injili

Mwanafunzi wa theolojia akitajiwa Ujiji, mara nyingi hukumbuka jambo moja tu: kukutana kwa Livingstone na Stanley mwaka 1871. Kumbukumbu hiyo ni ya kweli, lakini ni finyu. Imeufanya mji wenye historia ndefu uwe jukwaa la Wazungu wawili, na imetusahaulisha swali linalolihusu Kanisa. Kwa nini mji huu, ambao ni mmoja wa miji ya bara iliyopokea wamisionari mapema, haukuwa kituo chao cha kudumu? Swali hili linawahusu pia wachungaji wa Ushetu na Kahama, wanaohudumu katika nchi ya dhahabu, ambako watu huja kwa ajili ya mali na kuondoka inapokwisha.

1. Mji wa soko

Ujiji uko kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Wenyeji wa pande zote za ziwa walibadilishana huko samaki, nafaka, mafuta ya mawese na chumvi ya Uvinza. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliufanya mji huo kituo cha njia kuu iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora. Burton na Speke walipofika Februari 1858, hawakuivumbua njia, waliifuata.

Mizigo ya njia hiyo ilibebwa mabegani na vichwani mwa watu. Wanyamwezi, Wasukuma na Wasumbwa ndio waliokuwa mabingwa wa kazi hiyo. Wengine walifanya biashara kwa faida yao wenyewe. Msiri, aliyejenga ufalme wake Bunkeya katika Katanga na kuuawa huko mwaka 1891, alitoka katika Wasumbwa. Basi watu wa pande zetu hawakuwa watazamaji wa historia hii. Walikuwa miguu yake.

Pamoja na pembe za ndovu waliuzwa watu. Mateka wa Manyema walivushwa ziwa na kufikishwa Ujiji. Livingstone alifika mjini Machi 1869 akiwa mgonjwa, akakuta sehemu kubwa ya mali yake imeibiwa. Mpinzani huyu wa utumwa aliishi na kusafiri kwa msaada wa wale wale walioufanya. Julai 1871, huko Nyangwe, aliona mamia ya watu, wengi wao wanawake, wakiuawa sokoni. Akarudi Ujiji akiwa amevunjika moyo, na ndipo Stanley alipomkuta. Tunapoisimulia salamu yao na kuyaacha mauaji ya Nyangwe, tunausimulia mwisho wa habari bila mwanzo wake.

2. Misioni iliyohama

Wajumbe wa Misioni ya London walifika Ujiji Agosti 1878. Mmoja wao, Thomson, alifariki baada ya wiki chache. Nahodha Edward Hore alibaki. Januari 1879 wakaja Mapadre Weupe. Wote walihitaji nyumba, chakula, mitumbwi na kibali, na vyote hivyo vilikuwa mikononi mwa wakubwa wa biashara, ambao kiongozi wao alikuwa Mwinyi Kheri. Wakubwa hao walijua kwamba soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873 kwa shinikizo la Waingereza, wakawatazama wageni kwa shaka.

Mapadre Weupe walihamia Rumonge, Burundi, ambako watatu wa kundi lao waliuawa mwaka 1881. Mwaka 1885 walipewa Karema. Misioni ya London ilihamia kisiwa cha Kavala, kisha kusini mwa ziwa, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Huko Urambo, ambako Mirambo alimkaribisha Daktari Southon mwaka 1879, kazi iliendelea hata ikapokelewa na Wamoravian mwaka 1898. Ujiji uliendelea kuwa mji wa Kiislamu. Wajerumani waliweka kituo cha jeshi mwaka 1896, na reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, biashara nayo ikahamia huko.

3. Mafunzo kwa Kanisa

Kwanza, tusiitumie historia hii kuwanyoshea Waislamu kidole. Pembe zilizopitia Ujiji zilinunuliwa Ulaya na Marekani, katika nyumba za Wakristo, zikawa vibao vya piano na mipira ya biliadi. Serikali ya Kijerumani, ambayo chini yake wamisionari wengi wa Kilutheri walihudumu, haikufuta utumwa kabisa. Sheria ya kuufuta Tanganyika ilitolewa mwaka 1922 na Waingereza. Dhambi hii ilikuwa na mikono mingi.

Pili, Injili hupata upinzani inapogusa faida. Paulo na Sila walitiwa gerezani Filipi kwa sababu mabwana wa kijakazi waliona tumaini la mapato yao limepotea (Mdo 16). Mhubiri anayekula kwa mkono wa mwenye soko hupata taabu kulikemea soko lake. Katika sharika zetu za machimboni, mwenye shimo akichangia bati za kanisa, je, mchungaji ataweza kuuliza habari za watoto wanaoponda mawe, au za malipo ya wachimbaji?

Tatu, masoko hupita. Mgodi wa Buzwagi, Kahama, ulianza kuzalisha mwaka 2009 na ukafunga uzalishaji mwaka 2021. Usharika uliojengwa juu ya fedha ya mgodi utahama pamoja nayo, kama biashara ya Ujiji ilivyohamia Kigoma. Usharika uliojengwa juu ya watu wenyewe, kwa lugha yao na kwa wainjilisti waliotoka kwao, una sababu ya kubaki.

Wapagazi waliobeba mizigo ya njia ile hawakujengewa mnara, na wengi hatujui hata majina yao. Ni wajibu wa wachungaji na wanafunzi wetu kuwauliza wazee wa Ushetu habari za safari hizo na kuziandika kabla hazijapotea, maana nazo ni sehemu ya historia ya Kanisa letu.