Kutoka kwa Bodi ya Madaktari hadi Mahakamani: Historia ya Madai ya Watumishi wa Serikali Waliopoteza Kazi kwa Sababu ya Ulemavu

Katika mji wa Katito, ulioko kwenye njia panda ambapo barabara ya Kendu Bay inaachana na barabara kuu ya Kisumu kwenda Kisii, wengi wanaopokea mshahara wa kila mwezi hulipwa na serikali: walimu, wauguzi, makarani wa ofisi za machifu na maafisa wa kilimo wanaohudumia wakulima wa Nyakach. Mtumishi wa namna hiyo anapopoteza uwezo wa kuona, wa kusikia au wa kutembea, kisha akapoteza na kazi, anayekabiliana naye ni mwajiri ambaye pia ndiye aliyetunga sheria ya kumlinda. Madai yanayotokana na hali hiyo yana historia ndefu nchini Kenya, na kiini chake ni badiliko la swali moja: zamani iliulizwa kama mtumishi bado anaiweza kazi, ilhali leo sheria inauliza kama mwajiri alifanya lililo ndani ya uwezo wake ili mtumishi huyo aendelee kuifanya.

Utaratibu wa zamani ulirithiwa kutoka kwa utawala wa kikoloni. Sheria ya Pensheni, yaani sheria inayosimamia malipo ya uzeeni ya watumishi wa umma, iliruhusu mtumishi kustaafishwa iwapo ushahidi wa kitabibu ulionyesha kwamba udhaifu wa mwili au wa akili ulimzuia kutekeleza majukumu yake na kwamba udhaifu huo ungedumu. Aliyeamua, kwa hakika, alikuwa daktari, au jopo la madaktari lililojulikana kama bodi ya madaktari, ambalo lilipima mwili wa mtumishi bila kulazimika kuuliza kama meza, ratiba au majukumu yake yangeweza kubadilishwa. Katiba ya zamani haikumpa kimbilio, kwa kuwa kifungu cha 25 kilisema kwamba watumishi wa Jamhuri walishika nyadhifa zao kwa ridhaa ya Rais, na kifungu cha 82, kilichokataza ubaguzi, hakikutaja ulemavu, hata baada ya marekebisho ya 1997 kuongeza jinsia katika orodha yake.

Baada ya uhuru, serikali ililitazama suala hili kama jambo la ustawi wa jamii kuliko jambo la haki. Kamati ya 1964, inayokumbukwa kwa jina la Ngala Mwendwa, ilichunguza namna ya kuwahudumia na kuwafunza kazi watu wenye ulemavu, na mapendekezo yake yakazaa waraka wa sera wa serikali, Nambari 5 wa 1968, ulioweka msingi wa vituo vya mafunzo ya ufundi. Katika eneo la Ziwa Victoria, mchango mkubwa wa elimu ulitoka kwa makanisa, ambayo yalianzisha shule ya viziwi ya Nyang'oma karibu na Bondo, shule ya Joyland mjini Kisumu na kituo cha Nyabondo, kwenye nyanda za juu zinazotazamana na Katito. Taasisi hizo ziliwapa vijana elimu ya kuwawezesha kuomba kazi serikalini, lakini hakukuwa na sheria ya kuwalinda wakishaipata. Ombwe hilo ndilo lililochochea harakati za mashirika ya watu wenye ulemavu, ambayo mwaka 1989 yaliunda muungano wao wa kitaifa, na mwaka 1993 Mwanasheria Mkuu akateua jopo la kupitia sheria zinazowahusu.

Ilichukua takriban miaka 10 kutoka kuteuliwa kwa jopo hilo hadi Bunge kupitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, iliyoanza kutumika Juni 2004. Wakati huo Tanzania ilikuwa tayari na sheria ya ajira ya watu wenye ulemavu tangu 1982, na Marekani ilikuwa imeanza kuzibana idara zake za serikali kuhusu ajira hiyo kupitia sheria ya 1973. Sheria ya Kenya ilikataza mwajiri yeyote kubagua kwa misingi ya ulemavu katika kuajiri, kupandisha cheo au kuachisha kazi, ikaunda Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na ikaweka miaka 60 kuwa umri wa chini wa kustaafu kwa wahusika, wakati ambapo watumishi wengine wa umma walistaafu wakiwa na miaka 55. Nafuu hiyo ilitoweka Aprili 2009, serikali ilipopandisha umri wa wote hadi 60, kisha ikarejeshwa kwa agizo la 2012 lililowaongezea wenye ulemavu hadi miaka 65, kiwango kilichothibitishwa baadaye katika kanuni za Tume ya Utumishi wa Umma za 2020. Hapo ndipo lilipochipuka kundi kubwa la kesi za watumishi waliotakiwa kuondoka wakiwa na miaka 60 huku wao wakidai kwamba miaka mitano ilikuwa imesalia.

Mageuzi makubwa zaidi yalikuja kwa mfululizo. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu tarehe 19 Mei 2008, na wiki mbili baadaye, tarehe 2 Juni, Sheria ya Ajira ya 2007 ikaanza kutumika. Sheria hiyo ilitamka kwamba ulemavu si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, ikamlazimisha mwajiri kumsikiliza mfanyakazi kabla ya kumwondoa kwa madai ya kutojiweza kimwili, na ikamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Katiba ya 2010 iliingiza ulemavu katika ibara ya 27, ikakataza katika ibara ya 236 kumfuta kazi mtumishi wa umma bila utaratibu wa sheria, na ikaeleza maana ya ulemavu kwa upana usio wa kawaida, kwa kujumuisha hata hali au ugonjwa ambao jamii inauona kuwa unamzuia mtu kufanya shughuli za kila siku. Kwa maana hiyo, mtumishi anaweza kubaguliwa kwa sababu ya ulemavu ambao uko zaidi katika fikra za wakubwa wake kuliko katika mwili wake.

Chombo cha kusikiliza madai hayo ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina hadhi sawa na Mahakama Kuu na ina kituo Kisumu. Mwongozo muhimu ulitolewa na Mahakama ya Juu, Oktoba 2021, katika kesi ya mfanyakazi wa sekta binafsi: akishaonyesha dalili za kutosha za ubaguzi, ni juu ya mwajiri kueleza. Maelezo hayo hayakamiliki bila kugusa marekebisho ya kufaa, yaani mabadiliko ambayo mwajiri anaweza kuyafanya pasipo kuelemewa isivyo kiasi. Kwa mwalimu aliyepoteza uwezo wa kuona, marekebisho hayo yanaweza kuwa vitabu vya nukta nundu, kompyuta inayosoma maandishi kwa sauti au msaidizi darasani. Kwa muuguzi aliyeumia mgongo, yanaweza kuwa kuhamishwa kutoka wodini hadi kitengo cha kumbukumbu. Barua ya serikali inayosema tu kwamba mtumishi "hawezi tena kutekeleza majukumu" haijibu swali la kama marekebisho hayo yalijaribiwa.

Hata hivyo, ushindi hutegemea karatasi kuliko kanuni. Jalada la mlalamikaji linahitaji barua ya kutakiwa ajieleze, kumbukumbu za kikao alichosikilizwa, ripoti ya madaktari, barua alizoomba marekebisho na kadi ya Baraza, ambayo hutolewa baada ya kupimwa katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Mtumishi wa Katito aliyepata ulemavu akiwa kazini mara nyingi huiahirisha safari ya kutafuta kadi hiyo, kwa kuwa anaogopa kwamba kujisajili ni kujitangaza, na katika kesi za umri wa kustaafu mwajiri hung'ang'ania kwamba aliyejisajili akikaribia miaka 60 anatafuta nyongeza ya mshahara. Kuficha ulemavu ili kuilinda kazi humnyima mtu ushahidi wa kuilinda kazi hiyo hiyo.

Muda nao una mitego yake. Dai la ajira lazima lifunguliwe ndani ya miaka 3, na mahakama haiwezi kumrudisha mtu kazini baada ya miaka 3 tangu alipofutwa. Tangu ugatuzi wa 2013, muuguzi wa kaunti anayelalamikia uamuzi wa bodi ya utumishi wa kaunti hutakiwa kukata rufaa kwanza kwa Tume ya Utumishi wa Umma, na akikimbilia kortini moja kwa moja kesi yake inaweza kutupwa kabla ya ulemavu kutajwa. Akishinda, fidia ya kuachishwa kazi isivyo haki haizidi mishahara ya miezi 12, ingawa fidia ya ubaguzi huhesabiwa kando. Zaidi ya hayo, mali ya serikali haikamatwi na madalali wa mahakama, hivyo mshindi hulazimika kutafuta hati maalumu ya deni, na serikali isipolipa, kurudi kortini kuomba amri ya kumlazimisha afisa mhusika alipe.

Mei 2025 sheria mpya ya watu wenye ulemavu ilitiwa saini na kuifuta ile ya 2003, ikiwataka waajiri wa umma na wa sekta binafsi wenye wafanyakazi wasiopungua 20 watenge angalau asilimia 5 ya nafasi zao, lengo ambalo utumishi wa umma umeshindwa kulifikia kwa miaka mingi. Lakini asilimia ya wanaoingia haitakuwa na maana ikiwa wanaopata ulemavu wakiwa kazini wataendelea kutolewa kwa mlango wa nyuma. Sheria imekwisha kumtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha. Kinachobaki ni kila ofisi ya serikali, kuanzia wizara hadi zahanati ya kijijini, kuweka kwa maandishi marekebisho iliyojaribu kuyafanya kabla ya kuandika barua ya kumwondoa mtu. Ofisi isiyo na kumbukumbu hiyo itafika kortini Kisumu bila utetezi.