Damu Kabla ya Fikra: Masharti ya Kupiga Picha za Ubongo Katika Nyanda za Juu za Ufipa

Ikisiri
Picha za utendaji wa ubongo hupima damu, na kutokana na damu hiyo mtafiti hukisia kazi ya neva. Makala hii inadai kwamba haifai kulinganisha akili za watu wa mazingira tofauti kwa picha hizo kabla ya kuchunguza damu yao. Mkoa wa Rukwa nchini Tanzania, wenye nyanda za juu za Ufipa na mabonde ya maziwa, unatumika kuonyesha uzito wa hoja hiyo.

Utangulizi
Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake walionyesha kwamba mashine ya MRI inaweza kufuatilia mabadiliko ya oksijeni katika damu ya ubongo. Tangu hapo picha zenye madoa mekundu na ya manjano zimepata heshima ya ushahidi usiohojiwa. Tunaambiwa sehemu fulani ya ubongo "huwaka" mtu anapoogopa au anapohesabu. Ukweli ni kwamba doa lile huzaliwa na takwimu: mtafiti hulinganisha hali mbili, kisha kompyuta hupaka rangi mahali ambapo tofauti imevuka kiwango alichokiweka yeye mwenyewe.

Mwaka 2010 Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan walionya kwamba sayansi ya tabia imejengwa juu ya watu wachache wa nchi tajiri, kisha ikawasemea wanadamu wote. Tiba inayopendekezwa mara nyingi ni kuongeza washiriki kutoka Afrika. Lengo hilo ni jema. Hata hivyo, mashine ikifikishwa Sumbawanga, mkoani Rukwa, na watu wakapimwa kwa utaratibu uleule wa London, tutavuna takwimu nyingi na tafsiri potofu.

Kinachopimwa
Neva zinapofanya kazi, mishipa midogo iliyo jirani hutanuka na kuleta oksijeni nyingi kuliko inayotumika. Himoglobini iliyokwisha kutoa oksijeni huvuruga kidogo uga wa sumaku. Inapopungua kwa kusukumwa na damu mpya, ishara ya mashine hupanda na kufikia kilele baada ya takribani sekunde 5. Kwa hiyo ukubwa wa ishara hutegemea kazi ya neva na pia hali ya damu na mishipa. Mwenye upungufu wa damu au selimundu anaweza kutoa ishara tofauti na ya jirani yake, hata kama wote wawili wanafanya hesabu ileile kwa ustadi uleule.

Rukwa inalikuza tatizo hili. Mji wa Sumbawanga uko takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ilhali Kasanga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, iko chini kwa zaidi ya mita 1,000. Mwinuko huelekea kupandisha himoglobini, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani huelekeza kipimo chake kisahihishwe kulingana na mahali mtu anapoishi. Joto la mabondeni, kwa upande wake, huwafaa mbu, na malaria hula damu. Mtafiti akilinganisha kumbukumbu za watoto wa Sumbawanga na wa Kasanga, picha zaweza kutofautiana. Akiwa na haraka, ataandika kwamba mtoto wa ziwani hukumbuka kwa namna nyingine, kumbe amepima mwinuko na malaria.

Onyo kutoka Nairobi
Hofu ya tafsiri potofu kama hiyo ina historia katika ukanda wetu. Mwaka 1934 F. W. Vint, akifanya kazi Nairobi, alichapisha vipimo vya ubongo wa Wakenya waliokufa, akadai kwamba ulikuwa mwepesi kuliko wa Wazungu na gamba lake lilikuwa jembamba zaidi. Mwaka 1953 J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari mjini humo, alidai katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani kwamba Mwafrika huitumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo wake. Daktari wa akili Frantz Fanon alimjibu kwa ukali mwaka 1961. Hata tukikubali kwamba mizani ya Vint ilisoma sawasawa, bado kuruka kutoka gramu hadi akili kunapuuza lishe, ukubwa wa mwili na maradhi. Picha ya MRI inavutia kuliko mizani, na kwa hiyo inahitaji wakosoaji wakali zaidi.

Pingamizi: ubongo ni mmoja
Atakayepinga atasema ubongo wa binadamu ni uleule popote. Kimaumbile yuko sahihi, lakini uzoefu huuchonga ubongo huo. Mwaka 2010 Stanislas Dehaene na wenzake, wakiwalinganisha watu wa Brazili na Ureno waliojua kusoma na wasiojua, walionyesha kwamba kusoma hubadilisha namna ubongo unavyopokea maandishi na hata sauti za maneno. Mtoto wa Ufipa anayezungumza Kifipa nyumbani, akafundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha kwa Kiingereza sekondari, ana historia ya lugha ambayo jaribio lililotungwa kwa Kifaransa halikuifikiria.

Maswali nayo yana kwao. Mwanaanthropolojia Roy Willis alieleza mwaka 1967 jinsi fikra za Wafipa zilivyotofautisha kichwa, chenye akili na mamlaka, na kiuno, chenye nguvu na uzazi. Jaribio linalodhani kwamba "nafsi" ina maana moja kila mahali litakuwa limejibu swali kabla ya kuliuliza.

Masharti matatu
Kwanza, himoglobini, malaria na selimundu vipimwe siku ileile ya kupiga picha, na mwinuko uingizwe katika hesabu. Pili, kipimo cha umeme wa ubongo kitumike sambamba, kwa sababu hurekodi shughuli za neva bila kupitia kwenye damu. Kofia zinazopima ubongo kwa mwanga, zilizotumiwa kwa watoto wachanga wa Keneba, Gambia, ni nyepesi na zinabebeka, lakini nazo husoma himoglobini. Tatu, majaribio na maelezo ya ridhaa yatungwe pamoja na wenyeji, kwa lugha zao.

Mfano wa Blantyre, Malawi, unatia moyo. Huko MRI ilianza na swali la wodini: kwa nini malaria ya ubongo huua watoto? Matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba uvimbe mkubwa wa ubongo ulihusiana sana na vifo. Hapo picha ilijibu swali lililokuwa ndani ya uwezo wake.

Hitimisho
Masharti haya yasichukuliwe kuwa ya Afrika peke yake. Mishipa ya mzee wa London haitanuki kama ya kijana, hivyo kuwalinganisha wawili hao kwa picha kuna kasoro ileile. Utafiti utakaotenganisha damu na fikra mkoani Rukwa utakuwa umesahihisha kipimo kwa ajili ya wote. Tofauti itakayobaki baada ya damu kuhesabiwa ndiyo inayostahili kuanza kujadiliwa kama tofauti ya fikra.