Mama Kayai: mwigizaji aliyeingia nyumba zetu zote

Ukimtaja Mary Khavere hapa Kibomet, wengi watakuuliza ni nani. Mtaje Mama Kayai, na hata soko la Kitale zima litamjua. Ndiye mke wa Mzee Ojwang Hatari katika Vitimbi, kichekesho cha runinga ya taifa kilichoanza miaka ya 1980. Katika historia ya uigizaji nchini, nadhani hakuna mwanamke aliyependwa na watu wengi kiasi hicho na akaandikwa kidogo kiasi hicho.

Khavere ni jina la Waluhya, la huku kwetu magharibi. Ojwang, mzee wa Kijaluo kwa jina na kwa matamshi, alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu aliyezaliwa 1937. Wawili hao waliishi ndoa ya runinga kwa miaka mingi hata Wakenya wakaamini kwamba ni mtu na mkewe kweli, ilhali Wanjau alikuwa na mke wake na familia yake. Waigizaji wangapi wamewahi kuaminiwa hivyo?

Ukubwa wa kazi yao unaonekana vizuri ukifika barabara ya Harry Thuku, Nairobi. Jumba la utangazaji la KBC liko kwenye barabara hiyo, na Jumba la Michezo ya Kuigiza la Taifa, lililofunguliwa 1952 wakati wa ukoloni, liko hapo hapo. Miaka zaidi ya kumi baada ya uhuru, jukwaa hilo lilikuwa bado mikononi mwa vikundi vya Wazungu na michezo yao ya nyimbo na dansi. Mwaka 1976 Kenya ilikuwa ikiandaa michezo miwili ya kupeleka kwenye tamasha la FESTAC, Lagos: *Betrayal in the City* wa Francis Imbuga, na *The Trial of Dedan Kimathi* wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo. Wakenya waliomba nafasi katika jumba lao wenyewe wakapewa siku chache tu, maana lilikuwa limekwisha kutengewa *A Funny Thing Happened on the Way to the Forum*, mchezo wa nyimbo kutoka Marekani, na wachezaji wa baleti kutoka Ufaransa. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Runinga ndiyo iliyofungua mlango. Imbuga mwenyewe, mwana wa Maragoli, aliiandikia Sauti ya Kenya, shirika la utangazaji la taifa, michezo mingi. Wanjau alipitia kipindi cha Darubini kabla ya Vitimbi. Mwaka 1989 Sauti ya Kenya ikawa KBC, na hata kituo cha runinga cha KTN kilipoanza mwaka uliofuata, kilichukua muda kutoka nje ya Nairobi. Sisi wa Trans Nzoia na Bungoma tulibaki na KBC peke yake. Mwenye runinga ya Greatwall nyeusi na nyeupe, hata ya betri ya gari, alipokea majirani wote sebuleni kwake saa ya Vitimbi ilipofika, watoto chini mbele, wazee kwenye viti.

Waliomwona Mama Kayai hapo hawakuona mwigizaji. Waliona jirani. Alisimama kama wanavyosimama mama zetu wakimngoja baba mlangoni, akamwacha Ojwang aufikishe uongo wake mwisho, ndipo akamjibu. Kungoja huko ndiko ufundi wenyewe. Ojwang alipewa maneno ya kuchekesha, yeye akapewa kazi ngumu zaidi ya kuyafanya yachekeshe, na asingekuwapo yeye, mzee yule angekuwa mlaghai tu. Nalisema hili nikijua wapo watakaobisha, kwa sababu sifa nyingi zilimwendea mwanamume.

Kiswahili chao kilikuwa cha bara, chenye lafudhi za makabila, na walimu wetu wa shule hawakukipenda. Lakini Mjaluo, Mluhya na Mkalenjini wa Kitale walicheka pamoja, kila mmoja akisikia matamshi ya jirani na ya kwake mwenyewe, hata katika miaka ya 1990 ambapo siasa ilikuwa ikiwatenganisha kwa damu hapa Bonde la Ufa. Sijui hotuba ya kiongozi yeyote iliyofanya hivyo kila wiki.

Mzee Ojwang alifariki tarehe 12 Julai 2015 akiwa na umri wa miaka 78, baada ya kusumbuliwa na macho kwa muda. Taifa lilimlilia, magazeti yakajaa picha zake. Ndipo tulipokumbuka kuuliza aliishije.

Kwa hiyo ninaiomba KBC itafute kanda za Vitimbi zilizosalia, izihifadhi vizuri na kuzionyesha zikiwa na majina halisi ya waigizaji wote. Na walimu wa drama wa Kitale na Bungoma, mnaopeleka wanafunzi kwenye tamasha la shule kila mwaka, waelekezeni wakawahoji wakongwe wa fani hii wangali hai, na waanze na wanawake.