Njia ya Namugongo: Safari za Hija za Kwaya Yetu, 2000–2025



Kamati ya jubilei ilipogawa kurasa za kijitabu hiki, wenzetu walipewa kuandika juu ya kuanzishwa kwa kwaya, walimu waliotufunza na nyimbo tulizorekodi. Sisi tulikabidhiwa daftari la michango ya Namugongo. Jalada lake limeshikiliwa na gundi ya karatasi, na ndani mna hesabu nyingi zilizokatwa na kuandikwa upya. Haya tunayoyaandika yametoka humo, na mengine tumeambiwa na waliokuwapo.

Tuanze na njia yenyewe, maana ni kongwe kuliko sisi sote. Kila mtu wa Kibera anaijua reli. Tumekaushia nguo kando yake, tumeuzia omena na mitumba juu yake, na watoto wetu wamejifunza kutembea kwa kuruka mataruma yake. Reli hiyo ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu Desemba 1901. Waingereza waliiita Reli ya Uganda, na wakati ule Kisumu ilihesabiwa kuwa upande wa Uganda. Ni mwaka 1902 ndipo eneo hilo lilipohamishiwa upande wa Kenya. Kampala yenyewe ilifikiwa na garimoshi mwaka 1931. Majirani zetu Wanubi, walioishi Kibera kabla ya mtu mwingine yeyote kupanga chumba hapa, ni wazao wa askari wa Sudani, na wengi wa askari hao walifika Nairobi baada ya kutumikia Uganda. Kwa hiyo kati ya Kibera na Uganda watu wamekuwa wakienda na kurudi zaidi ya miaka mia moja.

Mashahidi nao wanahusiana na njia hii, jambo ambalo wengi wetu hatukulijua mpaka katekista alipotueleza. Mwaka 1885 Askofu James Hannington wa Anglikana alitoka Rabai, hapo pwani yetu, akaamua kwenda Buganda kwa njia ya mkato kupitia nchi ya Wamaasai. Aliuawa Busoga mwezi Oktoba mwaka huo kwa amri ya Kabaka Mwanga. Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki aliyehudumu ikulu, alimkemea Kabaka kwa kumwaga damu ya mgeni. Naye akauawa tarehe 15 Novemba. Shahidi wa kwanza Mkatoliki wa Uganda alikufa kwa sababu ya kumtetea askofu ambaye hakuwa wa kanisa lake. Usiku huohuo Karoli Lwanga alibatizwa, na tarehe 3 Juni 1886 alichomwa moto Namugongo, siku moja na wenzake, Wakatoliki na Waanglikana. Wakatoliki 22 waliouawa miaka ile walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964. Waanglikana waliouawa ni 23. Tunaomba hesabu hizo zikumbukwe, kwa kuwa zilitumika katika mkutano mmoja mgumu tutakaoueleza hivi punde.

Kwaya yetu ilipoanza mwaka 2000, ilikuwa ya watu wa Kibera. Baadaye baadhi walihamia Kawangware kufuata kodi nafuu au kazi za nyumbani huko Lavington, lakini wakaendelea kuja kuimba. Wakaleta majirani zao. Baada ya miaka michache tulikuwa kwaya ya mitaa miwili, na mazoezi ya katikati ya wiki yakawa ya zamu: wiki hii Kibera, wiki ijayo Kawangware. Wazo la Namugongo lilitoka kwa mama mmoja wa sauti ya pili, muuza omena wa kando ya reli. Alisema haiwezekani tuimbe habari za mashahidi kila Juni na hatujawahi kuona walipofia. Tukamcheka, kisha tukamfanya mweka hazina wa safari. Mchango ulikuwa shilingi 20 kila Jumapili.

Mwaka 2007 daftari linaonyesha tumekaribia. Tulikusudia Juni 2008, kwa basi la usiku kutoka mjini hadi Malaba. Kisha uchaguzi wa Desemba ukaja.

Hatutaeleza yote yaliyotokea Kibera Januari 2008; waliokuwapo wanayajua, na waliozaliwa baadaye wameambiwa. Tutasema tu kwamba reli iling'olewa. Vyuma vilivyokuwa vimelala hapo tangu enzi za babu zetu viliinuliwa kwa mikono ya vijana wa mtaani, baadhi yao tukiwajua kwa majina, na mizigo ya kwenda Uganda ikakwama. Huko Uganda mafuta yakaadimika. Barabara tuliyopanga kupita, Naivasha, Nakuru, Eldoret, ilikuwa na vizuizi ambapo mtu aliulizwa jina lake la pili. Ndani ya kwaya pia majina ya pili yalianza kusikika, ambayo hayakuwahi kutajwa tangu tuanze. Mama yetu wa omena alichomewa nyumba na kila kilichokuwamo. Daftari lilipona kwa sababu mwenyekiti alikuwa ameliazima akague hesabu. Wanakwaya kadhaa walikimbilia Kawangware wakalala sakafuni kwa wenzao, soprano na besi wa makabila yaliyosemekana hayawezi kukaa pamoja.

Mkutano wa Machi 2008, baada ya viongozi kutia saini mapatano tarehe 28 Februari, ndio mgumu tuliotaja. Swali lilikuwa pesa za safari. Wengine walitaka kila mtu arudishiwe alichotoa, kwa kuwa hawakuona kama kwaya itaendelea. Wengine walisema twende hivyohivyo, iwe hija ya toba. Wachache walisema kwa sauti ya chini, lakini tuliwasikia, kwamba hawawezi kupanda basi moja na watu fulani. Hapo mzee mmoja wa besi akasimama akauliza: ikiwa 22 na 23 wasiosali kanisa moja waliweza kufa pamoja, sisi tunaosali kanisa moja tunashindwaje kuketi pamoja kwenye basi? Hakuna aliyemjibu. Lakini pia hatukusafiri. Pesa zote zilinunua mabati, unga na blanketi kwa wanakwaya waliopoteza nyumba, bila kuangalia nani alichangia nini. Daftari lina mstari mmoja tu kwa siku hiyo: "Zimekwisha. Tuanze tena." Kuna walioondoka kwenye kwaya kwa sababu ya uamuzi huo, na hawajarudi. Tunawasalimu kupitia kurasa hizi.

Ilituchukua miaka sita. Mwaka 2014 mambo mawili yalitusaidia. La kwanza, ilikuwa miaka 50 tangu mashahidi watangazwe watakatifu, na kila parokia ilizungumzia Namugongo. La pili ni la serikali: kuanzia Januari mwaka huo, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda waliruhusiwa kuvuka mipaka kwa kitambulisho cha taifa. Kwa mlinzi wa usiku au mama wa kufua nguo, pasipoti ilikuwa ndoto. Kitambulisho kila mtu anacho.

Au karibu kila mtu. Mama yetu wa omena kitambulisho chake kiliungua na nyumba, na cha pili kilikuwa hakijatoka. Alikuwa na karatasi ya kusubiria, ikiwa imekunjwa mara nne ndani ya rozari yake ya ngozi. Tulimwambia itatosha. Hilo lilikuwa kosa letu sisi wapangaji, na tunaliandika hapa ili lisirudiwe. Tulifika Malaba alfajiri, basi zima likashuka kupanga foleni, na akaambiwa kwa upole kwamba karatasi hiyo haivushi mtu. Vijana wawili wakasema wanarudi naye Nairobi. Akakataa. Alisema, "Nendeni mkaimbe. Mimi nitawangoja hapahapa." Familia moja ya Malaba upande wa Kenya ikamkaribisha, watu ambao tulikutana nao asubuhi ileile kwenye foleni ya chai. Akakaa nao hadi tuliporudi. Sisi tulishuka Jinja, tukatembea karibu kilomita 70: tukauvuka mto Nile, tukapita msitu wa Mabira, mashamba ya miwa ya Lugazi, na Mukono, hadi kwenye kanisa kuu la Namugongo lililojengwa mfano wa kibanda cha Kiganda, na nguzo 22 kuizunguka. Kutembea hakukutushinda. Mtu anayetoka Kibera kwenda Industrial Area kwa miguu kila siku, akarudi, hatishwi na Mabira. Tulishindwa na jambo jingine: tulipoanza kuimba mbele ya ile bahari ya watu, sauti ya pili iliyumba, na kila mmoja wetu alijua ni nani hayupo.

Mwaka uliofuata, tarehe 27 Novemba 2015, Papa Fransisko alikuja Kangemi, jirani kabisa na Kawangware. Tulitoka usiku wa manane kwa miguu ili tupate mahali pa kusimama. Siku hiyohiyo akaondoka kwenda Uganda, na kesho yake akaadhimisha Misa Namugongo. Njia ambayo sisi tulihitaji siku tano, yeye aliimaliza kabla ya chakula cha jioni. Mzee wa besi alisema Baba Mtakatifu hakusumbuliwa na mweka hazina.

Oktoba 2017 ilikuwa zamu ya Kawangware kuchomewa. Waliolaza watu sakafuni 2008 wakaja kulazwa Kibera. Hatukuitisha mkutano safari hii. Mwaka 2020 na 2021 korona ilizuia mikusanyiko, na tuliwaadhimisha mashahidi kwa simu, kila mtu na chumba chake.

Sasa tufike kwenye safari ya 2022, ambayo wengi mnaikumbuka. Treni ya abiria ya Nairobi hadi Kisumu, iliyokuwa imesimama kwa miaka, ilirejea Desemba 2021. Mama yetu, ambaye sasa alikuwa na kitambulisho, alisema hatapanda basi tena. Amekaa na reli hiyo mlangoni maisha yake yote na haijampeleka popote. Kamati ilipinga, na kwa sababu nzuri: basi hukufikisha Malaba kwa usingizi mmoja, lakini treni ingetuacha Kisumu, na kutoka hapo tutafute matatu hadi Busia, tuvuke, tutafute gari jingine hadi Jinja, na ngoma na gunia la sare begani. Kalenda ndiyo iliyoamua. Tarehe 3 Juni ilikuwa Ijumaa. Treni ikiondoka Ijumaa ya tarehe 27 Mei jioni, tungeingia Jinja Jumamosi usiku, tusali Jumapili, tuanze kutembea Jumatatu. Na Madaraka ikiwa Jumatano, wenye waajiri wagumu wangeomba ruhusa kwa siku moja pungufu.

Jambo ambalo kamati haikulifikiria ni kwamba treni haingesimama Kibera ili tupande. Ilibidi tupande matatu kwenda mjini, tukapandie steshenimkuu, kisha tupitishwe tena mlangoni kwetu gizani. Familia zilikuwa zimejipanga kandokando zikiwasha tochi za simu. Watoto walikimbia na mabehewa. Tulianza wimbo, lakini ukavunjika, kwa kuwa kila mtu alikuwa dirishani akitafuta watu wake. Mama alikitafuta kibanda chake. Alikiona, akatuambia kimesahauliwa wazi, akampigia binti yake simu akifunge.

Busia ilitupokea vizuri. Siku hizi wahudumu wa Kenya na Uganda wanakaa jengo moja, unapita dirisha hili na lile, umemaliza. Waliokuwa na kadi ya manjano ya chanjo walipita haraka. Wawili walioisahau walitupotezea saa mbili. Pikipiki za mpakani ndizo zilizozaa neno bodaboda, tuliambiwa, na madereva wake wanajivunia sana. Kutoka Jinja tulitembea kama 2014, polepole zaidi, maana tulifuata mwendo wa mama. Alikuwa na malengelenge tangu Lugazi na hakumwambia mtu hadi Mukono. Tarehe 3 Juni aliimba Namugongo, safu ya pili, wa tatu kutoka kushoto. Picha iko ukurasa wa katikati wa kijitabu hiki.

Safari inayofuata ni Juni 2026. Tarehe 3 itakuwa Jumatano. Mchango ni shilingi 50 kila Jumapili baada ya Misa ya pili, na mwenye shida azungumze na kamati mapema, si kituoni. Anayengojea kitambulisho afuatilie sasa, na karatasi ya kusubiria asituletee. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku kumi kabla ya kuondoka. Kama tutakwenda kwa basi au kwa treni, bado tunabishana. Jina la kwanza kwenye ukurasa mpya wa daftari ni la mama yetu, na amelipa hadi Krismasi.