Kikopo kilichoua mamilioni ya kompyuta

Idara ya hisabati ya Chuo Kikuu cha Texas, Marekani, ilipoona kompyuta zake za Dell zinakufa moja baada ya nyingine, iliwaita Dell wenyewe waziangalie. Kampuni ilizikagua, kisha ikaja na jibu la aina yake: eti mashine zimeelemewa kwa kufanyishwa hesabu ngumu mno. Wanahisabati wakaambiwa kwamba wamekosea kuipa kompyuta kazi ya kukokotoa.

Kisa hicho kilijulikana kwa umma mwaka 2010, baada ya nyaraka za kesi iliyofunguliwa dhidi ya Dell na kampuni moja ya North Carolina, Advanced Internet Technologies, kuwekwa wazi na gazeti la New York Times kuandika habari zake. Nyaraka zilionyesha kwamba kati ya Mei 2003 na Julai 2005 Dell iliuza kompyuta zisizopungua milioni 11.8 zilizokuwa katika hatari ya kuharibika kwa sababu ya kipuri kimoja kinachoitwa kapasita. Uchunguzi wa kampuni yenyewe ulikadiria kwamba kompyuta za OptiPlex zenye kapasita mbovu zingeleta matatizo kwa hadi asilimia 97 ndani ya miaka 3. Huku hayo yakijulikana ofisini, wafanyakazi walielekezwa wayakwepe maneno yatakayomfanya mteja aelewe kwamba bodi ni mbovu. Cha kuchekesha ni kwamba hata kampuni ya mawakili iliyokuwa ikiitetea Dell, Alston & Bird, nayo ilikuwa na kompyuta zake 1,000 za kutiliwa shaka, na Dell ikasitasita kuzitengeneza.

Ukifungua kasha la kompyuta ya mezani ya zama zile, vikopo hivyo vya kapasita unaviona mara moja. Vimejipanga pembeni mwa prosesa, vyeusi, vya kijani au vya kahawia, kila kimoja kina urefu wa sentimita mbili hivi na mstari mweupe au wa dhahabu ubavuni unaoonyesha upande wa hasi. Juu ya kichwa pamechanjwa alama ya K, X au T. Chanjo hiyo imewekwa makusudi, ili gesi ikijaa ndani bati lifunguke taratibu pale juu badala ya kikopo kizima kulipuka. Kapasita nzima ina kichwa bapa. Inayoanza kuoza hutuna. Iliyokwisha kabisa imepasuka penye chanjo na kuacha ukoko wa kahawia juu yake. Nyingine huvujia chini, kwenye mpira, na fundi haoni kitu mpaka aing'oe.

Kazi yake inaeleweka kirahisi. Pawasaplai hutoa volti 12, na bodi huzishusha hadi kama volti 1.5 hivi ambazo prosesa inazitaka. Prosesa nayo haili kwa utaratibu: sasa imetulia, mara ghafla inataka umeme mwingi kwa wakati mmoja. Kapasita ndiyo simtanki la juu ya paa: bomba likatike au lije kwa kishindo, mwenye nyumba jikoni anapata maji yaleyale. Ikikauka, kila mtikiso unaifikia prosesa moja kwa moja, na hapo kompyuta inaganda, inajizima na kujiwasha, au feni inazunguka tu na kioo kimebaki cheusi.

Ndani ya kikopo mna karatasi nyembamba za alumini zilizoviringishwa, katikati yake karatasi ya kawaida iliyolowa kimiminika kiitwacho elektroliti. Watengenezaji wa Japani walikuwa wamegundua namna ya kutumia elektroliti yenye maji mengi. Maji ni bei chee, na elektroliti ya namna hiyo hupitisha umeme vizuri, kwa hiyo kapasita inakuwa ndogo, rahisi na yenye nguvu, sifa ambazo waunda bodi walikuwa wakizililia. Ubaya ni kwamba maji yakiachiwa hushambulia alumini na kuzalisha gesi ya haidrojeni. Ili yasifanye hivyo lazima yachanganywe na kemikali za kuyazuia, na mchanganyiko huo kila kiwanda kiliufanya siri yake.

Hapa ndipo historia inapogeuka hadithi ya kijasusi. Kuanzia mwaka 1999 hivi bodi zilianza kufa mapema kuliko kawaida, na mwaka 2002 jarida moja la tasnia ya vipuri vya elektroniki liliandika kisa ambacho wengi walikidaka: mwanasayansi mmoja aliacha kazi katika kampuni ya Rubycon ya Japani, akaenda China na kutengeneza elektroliti inayofanana na ya mwajiri wake wa zamani. Watu waliokuwa chini yake nao wakaiba fomula hiyo na kuipeleka Taiwan, lakini wakaibeba pungufu. Zilikosekana kemikali za kuyazuia maji. Mwaka 2003 jarida la wahandisi la IEEE Spectrum lilirudia habari hizo, na watafiti wa Marekani waliopima elektroliti ya kapasita zilizokufa wakakuta kweli viungo vya kawaida vya kinga havimo.

Ni kisa kitamu, na ndiyo maana kimesimuliwa kuliko kinavyostahili. Hakuna anayejulikana kufikishwa mahakamani kwa wizi huo. Isitoshe, kapasita zilizoiangusha Dell zilitoka Nichicon, kampuni ya Japani yenye jina na heshima, isiyohitaji kuiba fomula ya mtu. Zake zilielezwa kuwa na kasoro ya kujazwa elektroliti kupita kiasi. Mwizi wa Taiwan hawezi kubebeshwa hilo. Kwa maoni yangu chanzo kikubwa zaidi kilikuwa kwenye karatasi ya bei. Kompyuta zilikuwa zikishuka bei mwaka hadi mwaka, kila kiwanda kinabana senti, na kapasita ni kitu ambacho mnunuzi haulizi habari zake dukani. Anauliza kasi ya prosesa na ukubwa wa hadidiski.

Halafu kuna joto. Pentium ya kwanza ya mwaka 1993 ilitumia kama wati 15. Pentium 4 za mwaka 2004 zilivuka wati 100, na vikopo vimekaa ubavuni mwake. Kapasita ya kawaida ya kompyuta huandikwa kwamba itadumu saa 2,000 kwenye nyuzi joto 105, na kanuni ya wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 zikipungua, umri wake unakuwa maradufu. Kwenye nyuzi 65 inapata saa 32,000, yaani kama miaka 11 kwa mtu anayeiwasha saa 8 kwa siku. Kwenye nyuzi 75 umri huo unakatika nusu. Hiyo ni hesabu ya kapasita nzima, katika kasha safi lenye feni inayozunguka. Weka vumbi la miaka miwili kwenye feni, weka chumba kisicho na kiyoyozi katika mji wa pwani, na saa 14 za kazi kwa siku, utaona kwamba miaka 3 ni mingi.

Waliopatwa hawakuwa Dell peke yao. Abit, mtengenezaji wa bodi wa Taiwan aliyependwa na wachezaji wa gemu, alipata aibu ya mapema. Apple ilianzisha mpango wa kutengeneza bure kompyuta za iMac G5 za mwanzo. Dell yenyewe mwaka 2005 ilitenga takriban dola milioni 300 kubadilisha bodi. Kwa mteja mkubwa mwenye mkataba na wakili, bodi ilibadilishwa. Dhamana ya miaka 3 ikaisha, ofisi zikanunua mashine mpya, na zile za zamani zikaingia kwenye makontena.

Makontena hayo tunayajua. Tanzania, ambayo mwaka 1974 ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta, iliifungua milango miaka ya 1990. Kenya na Uganda nazo zilikuwa na kiu ileile, na kompyuta iliyotumika ofisini Ulaya au Marekani ndiyo iliyofikiwa na mfuko wa shule, duka la kuchapia barua na saiba. Mwaka 2005 shirika la Basel Action Network lilichapisha ripoti kuhusu bandari ya Lagos, Nigeria, ikikadiria kwamba makontena 500 hivi ya vifaa vya elektroniki vilivyotumika yaliingia kila mwezi, na kwamba robo hadi robo tatu ya mzigo ilikuwa takataka. Mwaka 2009 Uganda ilitangaza marufuku ya vifaa vya umeme vilivyotumika, kompyuta zikiwemo.

Lakini katika mzigo ule zilikuwamo pia mashine zilizowaka vizuri siku ya kununuliwa. OptiPlex GX270 na GX280, zilezile za kwenye kesi, zilijaa kwenye saiba za Afrika Mashariki, na kapasita zake zilikuwa zimeshakula miaka yao ya kwanza kwingine. Zikakutana na umeme wetu. Mwaka 2006 Tanzania ilikuwa kwenye mgawo mkali kwa sababu ya ukame, na kila umeme uliporudi ulirudi kwa kishindo. Wenye uwezo walinunua stabilaiza. Wengine walichomoa waya na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha.

Mhudumu wa saiba wa miaka ile alijua dalili moja vizuri: asubuhi kompyuta inakataa kuwaka, unabonyeza, inajaribu, inazima, unabonyeza tena, na mara ya nne au ya tano inaamka na kufanya kazi mchana kutwa. Watu waliamini ni uchawi wa baridi. Sababu ni kwamba elektroliti iliyokaribia kukauka hupitisha umeme vibaya ikiwa baridi, ikipata joto hulegea kidogo. Hivyo baadhi ya saiba zikaacha kuzizima usiku, jambo lililozifanya ziive zaidi. Hata ENIAC, kompyuta ya Marekani ya mwaka 1946 yenye valvu kama 18,000, iliachwa ikiwaka kwa sababu inayokaribiana na hiyo, kwani valvu nyingi zilikufa wakati wa kuwasha na kuzima.

Mteja aliambiwa "bodi imekufa", na kwa kawaida aliamini, akanunua nyingine. Mafundi wajanja ndio waliogundua kwamba bodi haijafa. Walining'iniza bodi mbovu ukutani na kuvuna humo kapasita zilizobaki na vichwa bapa: volti 6.3, maikrofaradi 1,800 au 3,300, ilimradi namba zilingane au zizidi kidogo. Kung'oa ndiyo kazi. Mguu wa hasi umeungwa kwenye tabaka pana la shaba ndani ya bodi, shaba inanyonya joto lote, na pasi ya kulehemu ya wati 30 inabaki kuipapasa tu bila risasi kuyeyuka. Ukilazimisha, unang'oa na njia ya shaba, na hapo kweli bodi imekufa. Anayefaulu hutikisa mguu mmoja, kisha wa pili, taratibu, halafu huzibua tundu kwa sindano. Kapasita mpya ikiwekwa kinyume, chanya kwenye hasi, huharibika na inaweza kupasuka umeme ukiwashwa.

Kuelekea mwaka 2007 janga lilikuwa limepungua. Viwanda vilihamia kapasita zisizo na kimiminika, zenye polima ngumu ndani, na kitu ambacho hapo awali hakikutajwa kikaandikwa kwa herufi kubwa kwenye maboksi ya bodi. Ubovu ukahamia kwingine. Tarehe 1 Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia madini ya risasi kwenye vifaa vya elektroniki, wahandisi wakalazimika kuzoea lehemu mpya iliyo ngumu na isiyovumilia kupashwa na kupozwa. Mwaka 2008 Nvidia ilitenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu za picha za laptopu zilizoachia kwenye viungio, na ndizo hizo mafundi wetu walizozifufua kwa bunduki ya hewa moto, zikadumu wiki kadhaa na kurudi mezani.

Hadidiski nazo zilikuwa na uongo wake. Maboksi yalitaja saa 1,000,000 kabla ya kuharibika, miaka zaidi ya 100 ukipiga hesabu. Mwaka 2007 watafiti wa Google walitoa takwimu za diski zaidi ya 100,000 za kampuni yao: katika mwaka wa kwanza zilikufa asilimia 1.7, na katika zile zilizofikisha mwaka wa tatu kiwango kilipanda hadi asilimia 8.6 kwa mwaka. Diski za SSD, ambazo hazina kinachozunguka, zimepunguza vifo vya namna hiyo.

Matokeo ni kwamba kompyuta ya ofisini iliyotengenezwa mwaka 2016 ina mwili mgumu kuliko ya mwaka 2004. Inachokosa ni kibali. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa ambazo kwa upande wa Intel kwa kawaida ni za kizazi cha 8 na kuendelea. Core i5 za kizazi cha 6 na cha 7, zenye kapasita zisizovimba, zimeachwa nje, na ofisi za Ulaya na Marekani zina kila sababu ya kuziondoa kwa mkupuo. Anayeuziwa moja Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, anaweza kuichunguza bodi kwa tochi asione kasoro yoyote. Akitaka kuitumia salama kwa mambo ya benki na barua pepe, itambidi ajiandikishe kwa masasisho ya nyongeza ambayo Microsoft imeyatoa kwa watumiaji wa nyumbani hadi Oktoba 2026, au amwombe fundi amwekee Linux.